Barolo kwa Nyama Isiyo na Pilipili

Jumamosi iliyopita nilikuwa Harrow, huku ughaibuni, kwenye harusi ya binti wa mchungaji aliyetulea kanisani. Weita akanimiminia divai nyekundu, na kwa harufu tu nikajua ni Barolo ya Italia. Mchungaji mwenyewe aliinua glasi yake, akatabasamu, akanywa. Mimi chakula kilinishinda, rafiki yangu, na nitakueleza kwa nini.

Utotoni tulikaa mtaa wa Thornton Heath, jiji hilohilo, juu ya duka la nyama. Mama alikuwa nesi, baba weita katika mkahawa wa Kiitaliano. Mwenye mkahawa alimwahidi kwamba akifaulu mtihani wa divai atapewa kazi ya kuwashauri wateja divai ipi inaendana na chakula gani. Miaka yote alikuwa wa kubeba sahani. Sasa wangemuuliza maoni. Sijaona mtu mzima akitamani kitu namna ile.

Jumapili, tukitoka kanisani, mimi na dada yangu tulimpa majaribio. Barolo? Nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, uyoga, jibini gumu lililokaa sana. Na samaki? Hata kidogo, mdomo utaonja chuma. Alitunusisha glasi akisema humo mna mawaridi na lami. Dada akacheka mpaka akapaliwa, kwani nani hunywa lami? Kisha baba akaijaribu na mchuzi wa mama, akakunja uso: pilipili ilikuwa imeimaliza divai. Akamwomba apike sufuria moja bila pilipili, moto mdogo, nyama ilainike yenyewe.

"Siku hizi napikia chupa, si watu," mama alinung'unika, lakini Jumapili iliyofuata alipika. Nyumba nzima ikanukia vitunguu na karoti. Baba alionja, akafumba macho, akaanza kutueleza nyama imefanya nini na divai imejibu nini, kama anatangaza mpira. Halafu akaitema kwenye kikombe. Alikuwa ameokoka, hakumeza tone.

Tukiwa bado mezani, watu wa ushirika wa kanisa wakabisha hodi, mchungaji yuleyule akiwa mbele. Kwetu hakuna wa kupiga simu kwanza. Unabisha, unapewa chai. Mama akafungua mlango kwa furaha, akasahau kilichokuwa mezani.

"Mzee, hii ni nini?" mchungaji akauliza.

Baba akaeleza kuwa ni kazi, akawaonyesha hata kikombe. Shemasi mmoja akacheka. Mama akaambiwa aimwage chupa kwenye sinki, naye akaimwaga huku wenzake wakiimba. Baba akaambiwa achague: aiache kazi ile mbele ya kanisa zima, au atoke kanisani. Na huku ugenini kanisa ndilo lililokuwa ukoo wetu. Ndilo lililotulinda mama akiwa zamu, ndilo lililosafirisha mwili wa nyanya. Angekwenda wapi? Alisimama mbele yao, akaiacha, wakampigia makofi. Akaishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwainua vitandani mpaka mgongo ukaharibika.

Mkahawa ule sasa ni duka la simu. Mama husema hayo yameshapita. Yamepita kwa mchungaji. Mimi nina uchungu, na sioni haya kuusema. Tangu siku ile baba hajawahi kutuambia tena chakula kina ladha gani. Mama akimuuliza kama chumvi imetosha, hujibu imetosha, hata kabla hajaonja.