Ndewe za Baba na Hedifoni Mbili

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo yule muuza vifaa vya sauti aliponifuata mwenyewe hadi nyumbani kwangu Terrat, maboksi mawili kwapani na tabasamu la sikio hadi sikio, nilimpokea getini na sikumkaribisha ndani.

"Chukua zote mbili, dada, ukae nazo wiki nzima. Utakayoipenda ndiyo utakayonunua."

"Na wewe unabaki na nini?"

"Kitambulisho chako tu."

Hee! Mtu anayekuamini haraka namna hiyo ana jambo lake. Nilimpa kitambulisho, lakini kwanza nikapiga picha maboksi, nikampiga na yeye, nikapiga na namba ya pikipiki yake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti huniletea mahojiano waliyorekodi sokoni, mazizini na barabarani, nami nayaandika neno kwa neno. Hedifoni yangu ya zamani ilikuwa imebanduka ngozi, kila jioni nanawa vipande vyeusi mashavuni, na mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaingia katikati ya maneno ya watu kana kwamba na yenyewe imehojiwa. Nilitaka zile zilizofungwa nyuma, zisizoruhusu sauti kuingia wala kutoka. Tena nilitaka nzuri kweli, maana nimeshachoka kununua takataka.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, mito yake ya ngozi laini, vikombe vyake vyembamba vinakaa kwenye sikio lenyewe tu. Ya pili ilikuwa nzito, vikombe kama mabakuli, inameza sikio lote na kipande cha shavu. Nyepesi niliivaa nikasahau kama nimevaa kitu, ila mikono ya miwani yangu ndiyo iliyonibana kidogo. Nzito ilinitoa jasho masikioni, na shingo ikaanza kuuma hata chai ya saa nne haijafika. Kwa upande wa sauti mambo yakageuka. Nyepesi ilinipa kila kitu cha juu, mtu akimeza mate unamsikia, lakini chini pakavu: besi hakuna, sauti za wanaume zimekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Nzito nayo ilimwaga besi kila mahali. Tamu, sikatai, lakini ni kama uji uliotiwa maziwa kupita kiasi, huonji tena unga. Nikajisemea, hapa kuna moja feki. Pengine zote mbili.

Wiki hiyohiyo ndiyo baba akashuka mlimani na flashi mfukoni.

Baba yangu ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mfugaji na mkulima, na ameimba besi katika kwaya ya usharika wake tangu kabla mimi sijazaliwa. Kushuku watu nimerithi kwake, sikuokota njiani. Mwalimu wa kwaya ni kijana, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amemwomba baba ahame mstari wa nyuma, asimame mbele kabisa, karibu naye. Baba alikataa katakata. "Anataka kunichunga kama mtoto wa shule ya Jumapili," aliniambia. Akaendelea kusimama nyuma. Halafu akasikia watu wakinong'ona kwamba wazee wangepumzika sasa. Halafu kwaya ikaenda mjini kurekodi, na kila mwanakwaya akapewa nyimbo kwenye flashi asikilize kabla hazijatolewa Jumapili ya mavuno.

"Nisikilizishe kwa hicho chombo chako kizuri," alisema, hata chai hajagusa. "Nataka kujua kama nimo."

Nilimpa ile nyepesi, nikiihurumia shingo yake. Sasa, baba ana ndewe ndefu, zile nyama za chini ya sikio. Zilitobolewa na kuvutwa akiwa mtoto, kabla ya ubatizo, na akiwa ametulia zinaning'inia karibu na kola. Ila akitaka kufanya jambo la maana, kukamua, kupita kwenye miiba, kuingia kikao cha ukoo, huzikunja na kuzipachika juu ya sikio zisije zikanaswa. Hilo ni jambo la kawaida kwa wazee wa kwetu, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa silioni tena. Siku ile alizikunja, akakohoa, akavaa hedifoni juu yake, akakaa wima.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Akanitazama.

"Simo."

"Baba, subiri wa pili."

"Nimesema simo. Akina mama wamo, tena wamejaa tele. Besi haimo. Wamenifuta."

Nikaivaa mimi. Kweli, besi ilikuwa kwa mbali, kama watu wanaoimba nyuma ya kilima. Damu ikanichemka. Kwa haki nikachukua na ile nzito nikasikiliza: huko besi ilijaa, lakini imerundikana, humtambui mtu. Nikamwambia baba aijaribu.

"Hiyo si umeniambia mwenyewe inatia chumvi?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo, alipokuwa anaingia. Basi akaiamini ile iliyomwambia alichokuwa anaamini tayari. Na mimi nikamfuata.

Alipoondoka nikampigia mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo, dada. Mzee yumo. Haki ya Mungu yumo. Fundi wa studio alitaka kumkata, mimi nikakataa."

"Kumkata kwa nini?"

"Mambo ya kiufundi tu, dada."

Aha! Mambo ya kiufundi! Hilo ndilo neno la mtu anayekuficha kitu, nalisikia kila wiki kwenye mahojiano. Nilimkatia simu bila hata kumuaga.

Kesho yake bodaboda akaniletea mfuko kutoka kwa baba. Ndani kulikuwa na joho lake la kwaya, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Baada ya dakika chache akapiga simu: "Ukipita kanisani umrudishie mwalimu. Jumapili ya mavuno waimbe wenyewe."

Sikulipeleka. Nililitundika kabatini kwangu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikiwa na hasira na hofu pamoja. Tangu mama afariki, siku ya mazoezi ya kwaya ndiyo siku pekee baba anayonyoa ndevu bila kukumbushwa. Siku nyingine unamkuta anakula loshoro ya mahindi na maziwa mgando, baridi, amesimama mlangoni, anasema hana njaa. Ukimtoa kwenye kwaya atabaki na nini? Ng'ombe hawaulizi habari za mtu. Nilimchukia yule mwalimu kwa moyo wote, nikamchukia na fundi ambaye hata sura yake siijui.

Siku moja kabla ya muuzaji kurudi, nilikuwa na mahojiano marefu ya mzee mmoja wa Kikwe, mkulima, anaongea taratibu. Nilivaa ile nyepesi. Mkono wa miwani ukawa unanichoma kwenye sikio, nikaivua miwani kwa hasira na kukisogelea kioo cha kompyuta.

Sauti ya yule mzee ikashuka hadi kifuani mwangu.

Nikavaa miwani. Ikapauka. Nikavua. Ikarudi, nene, safi, kila herufi mahali pake. Kumbe mkono wa miwani ulikuwa unauinua mto kidogo tu, na hizi zilizofungwa nyuma ukiziachia upenyo, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Haikuwa feki. Ilikuwa hedifoni ya maana kuliko zote nilizowahi kuvaa, na mimi nilikuwa nimeitukana wiki nzima pamoja na mwenyewe aliyeileta.

Halafu nikazikumbuka ndewe za baba, zimekunjwa juu ya masikio. Loo!

Kabla ya kitu kingine nikazisikiliza upya zile nyimbo, nilizokuwa nimezinakili kwenye simu, bila miwani. Besi ilikuwemo. Wote walikuwemo, ningeweza kuwahesabu. Baba naye alikuwemo, nikamsikia wazi kuliko ninavyomsikia kanisani. Nilipomsikia nikaelewa kwa nini fundi alitaka kumkata, na kwa nini yule kijana alikwepa swali langu kwenye simu. Nikakaa pale muda, sijui nicheke au nilie. Nikavaa viatu, nikapanda mlimani kwa baba.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaliona boksi. "Umekuja na kifaa kipya cha kunidanganya?"

"Ni kilekile."

"Kwa hiyo na uongo ni uleule."

Kichwa cha baba si kitu cha kushikwashikwa na binti yake. Nilisimama na hedifoni mkononi nikitafuta maneno, mwishoni nikayasema tu: azikunjue ndewe, aziingize ndani ya kikombe pamoja na sikio, asiache kitu katikati.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu."

"Sikio halizidi kichwa. Leo unakuja kunifundisha masikio yangu?"

"Baba, mara moja tu. Ukisema humo, joho nalipeleka leo hii."

Akafuta mikono kwenye koti. Akazikunjua moja moja, akaziingiza kwa uangalifu kama anayevisha mtoto, akabana. Nikabonyeza simu.

Niliona uso wake ukifunguka. "Hee," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wote waliozibwa masikio. "Tumo! Huyu wa dukani yumo. Na mzee wa kanisa yumo." Akawa anapiga mguu chini polepole, ng'ombe akageuka kumtazama. Moyo wangu ulifurahi na kuogopa papo hapo, kwa sababu nilijua ubeti wa pili unakuja.

Ubeti wa pili ukafika. Mguu ukasimama.

"Kuna mmoja anaburuta."

Nikajifanya naitazama simu.

"Wenzake wameshafika, yeye bado yuko njiani. Sauti anayo, lakini anaburuta. Msikie. Na hapa tena." Akakunja uso. "Mwalimu kamwachaje huyu? Fundi si angemkata tu, wimbo ukawa safi?"

Nilimtazama ng'ombe. Nilitazama migomba. Baba yangu, ambaye hajawahi kuacha swali lipite bila jibu, ambaye akiambiwa leo ni Jumatatu huuliza nani kasema, alikuwa ananiangalia usoni.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

"Naam, baba."

"Usinijibu."

Akausikiliza wimbo hadi mwisho. Akaniomba niurudie. Safari hii midomo yake ilikuwa inaimba kimyakimya, na kila mwisho wa mstari wenzake walikuwa wameshafunga, yeye na yule wa kwenye hedifoni wakafunga pamoja.

Alipoivua, aliziacha ndewe zining'inie. Alinirudishia hedifoni kwa mikono miwili.

"Joho umelipeleka?"

"Bado."

"Nilijua. Wewe huniamini hata kidogo."

"Nimerithi."

Akacheka, akaokota panga, akarudi kwenye mgomba. Alikata vipande kadhaa kabla hajasema tena, na alisema akiwa amenipa mgongo.

"Mwambie mwalimu Jumapili nitasimama pale mbele aliponionyesha. Niuone mkono wake."