Mkanda Mwembamba

Muuguzi wa meza ya vipimo hupima watu kwa macho kabla ya mashine. Mnene akichungulia tu mlangoni, yeye keshakunjua mkanda mpana wa presha: "Njoo mama, tuone hayo mafuta yanasemaje leo." Wembamba huwapungia mkono waende moja kwa moja kwa daktari. "Wewe una nini cha kupimwa, mwenzangu? Upepo mtupu!" Mwenyewe ni mwembamba kama ufito, na saa yake huizungusha mkononi kwa kidole kimoja, ikicheza kama bangili.

Leo mama mmoja wa miraba minne alipimwa, namba zikatoka safi. Muuguzi hakuamini, akarudia. Zikatoka zilezile. "Haya, jipime na wewe, mwanangu," mama akasema, bado ameketi. Foleni ikaangua kicheko. Muuguzi naye akacheka, akajifunga mkanda mwembamba, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikambana mkono, ikapumua. Mia moja tisini na nane, kwa mia moja kumi na sita. Akabadilisha mkono. Mia mbili na moja. Akaigeuzia mashine ukutani upesi. "Betri zimekwisha."

"Mbona kwangu hazikuisha?" mama akauliza, kwa sauti ya chini.

Muuguzi akaishika saa yake, lakini hakuizungusha. Akatazama mlango wa daktari, kisha akainuka taratibu, ameshikilia meza. "Nyinyi wembamba niliowapitisha tangu asubuhi," akaita, "hebu rudini. Rudini wote."