Bwana Pua na Kikombe cha Kahawa

Enzi zetu (najua nina miaka kumi na sita, lakini mdogo wangu hajawahi kusubiri tangazo liishe, basi mimi ni mzee), nyumba ya Babu hapa Ibra, Omani, ilikuwa na televisheni moja, na Ijumaa baada ya wali ilikuwa yake. Sisi wajukuu tulitaka mpira. Yeye alitaka filamu zake kongwe za Hollywood, hazina rangi, nyengine hata sauti hazina.

Wala hakumtazama stelingi. Alimtazama mtu mmoja mwenye pua kama biringani, tuliyemwita Bwana Pua: mara mpishi, mara askari jela, mara mng'oa meno. Diski za Babu hazikuwa na mpango wa miaka, kwa hivyo Ijumaa hii Bwana Pua ana kipara, Ijumaa ya pili nywele zimerudi. Jina lake likiandikwa, lilikuwa chini kabisa, jirani na la farasi.

"Huyu ndiye fundi," Babu akisema. "Hao wazuri wamekodiwa sura tu."

"Lakini Babu, kila mara anakufa."

"Anakufa vizuri. Wewe hata kulala hujui."

Tukawekeana sharti: siku tutakayomkamata Bwana Pua anaharibu kazi, televisheni yetu.

Tukamvizia. Hata ikaja filamu ya jangwani, na siku hiyo kulikuwa na fainali. Tukajua tumeshapata: Wazungu wamepakwa masizi, vilemba kama mikate iliyoumuka. Stelingi, eti ndiye sheikh, akapokea kahawa kwa mkono wa kushoto, akaipuliza, kikombe akakibwaga chini. Bibi akajifunika uso kwa mtandio. "Astaghfirullahi, kalelewa na nani huyu?"

Kahawa ikafika kwa Bwana Pua, kule nyuma, kafanywa mlinzi wa hema. Mimi rimoti nishaishika.

Akapokea kwa mkono wa kulia. Akanywa. Halafu, na hakuna aliyekuwa akimtazama ila sisi, akakitikisa kikombe kidogo, kulia kushoto, vile vile afanyavyo Babu kumwambia anayemimina kwamba basi, imetosha.

Babu akasimama na magoti yake mabovu. "Mmeona nyie? Huyu alikwenda akauliza. Hakuna aliyemtuma, mwenyewe alikwenda akauliza."

Bibi akapiga vigelegele, Ami Seif akatoka chooni mbio akidhani imeletwa posa. Na sisi tulioshindwa tukawa tunairudisha filamu nyuma, tunapiga makofi kila anapotikisa, mpaka fainali ikachezwa ikaisha bila ya sisi.

Siku hizi kila mtu na simu yake, kila mtu na kona yake. Watoto wa leo filamu wanaitazama kwa kuirukisha, kama wanafukuzwa. Televisheni imekuwa pana kama mlango, na Babu anaitawala hana mpinzani. Ijumaa iliyopita nikamnyang'anya rimoti, nikaweka mpira, makusudi tu.

"Rejesha, shetani mkubwa we," akasema, huku akinisogezea mto nikae.