Boriti ya Mizani na Jedwali la Kurasa

Majani ya chai yakikaa ndani ya gunia hupata moto. Ukiingiza mkono katikati unahisi joto kama la mnyama aliyelala. Yakizidi kukaa yanageuka mekundu, na karani wa lori la kiwanda huyamwaga chini bila kukuuliza kitu. Kila mtu wa upande wetu wa Chepseon anajua hivyo tangu utotoni. Mimi pia nilijua, ndiyo maana sina pa kujificha ninapoikumbuka alasiri ile.

Nilikuwa mwenyekiti wa banda letu la kupimia majani. Binti yangu wa mwisho, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alikuja nyumbani na kisanduku cha kuunganishwa na mizani mpya. Ndani yake alikuwa ameandika kerneli yake mwenyewe, yaani ile programu inayoamka kwanza na kuzisimamia nyingine zote. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo.

"Baba, watu hapa wanalalamika nini kila siku?"

"Kwamba kilo zinaguswa baada ya kupimwa."

"Sasa kwa hii, programu ya kupima na ile ya kutuma ujumbe kwa simu haziwezi kuonana. Kila moja inadhani kumbukumbu yote ya mashine ni yake peke yake. Kerneli ndio iko na jedwali la kurasa, yaani orodha ya vipande vya hiyo kumbukumbu. Jedwali inasema, ukurasa huu wa programu hii, kwa ukweli uko mahali fulani. Programu ikijaribu kugusa ukurasa wenye hauko kwa jedwali yake, inasimamishwa hapo hapo."

"Na kerneli yenyewe inakaa wapi?"

"Juu kabisa, kwa zile anwani za mwisho za kumbukumbu. Iko kwa nyumba ya kila programu, lakini mlango yake imefungwa."

Nilielewa nusu. Nusu hiyo ilitosha kunivimbisha kichwa.

Mizani ya zamani ilikuwa ikining'inia kwa kulabu kwenye boriti katikati ya banda. Katibu wa kamati, mtu wa kwenda polepole, aliniomba tuiache pale kwa muda.

"Wacha ikae tu, mzee. Si eti inakula chakula ya mtu."

"Ikikaa watu watasema hata sisi wenyewe hatuamini hii mpya," nikamjibu. Nikachukua msumeno na kuikata boriti kwa mikono yangu, kisha mizani nikaipakia kwenye lori irudi kiwandani. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Siku ya kuanza, wa kwanza kufika alikuwa mama mjane anayelima kule bondeni karibu na mto. Shamba lake liko mbali, kwa hivyo hushindilia magunia ili asipande mlima mara nyingi. Wengine walipanga foleni nyuma yake. Binti yangu akabonyeza swichi. Kioo kikawaka, taa ndogo ya kijani ikapepesa, kioo kikazima. Kikawaka tena. Kikazima tena.

"Hii sanduku inapima ama inafikiria?" akauliza rika langu mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo.

"Imeona uzito wa magunia ikaogopa," mwingine akasema, na watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alikuwa tayari amefungua laptop na kuchomeka waya.

Nikamsogelea. "Jana si ilifanya?"

"Jana ilifanya. Asubuhi nikasafisha kitu kidogo kwa kerneli."

"Na ukajaribu?"

"Kwa laptop, kwa programu ya kuigiza hii sanduku. Ilipita, baba. Tafadhali nipe nafasi."

Wingu lilikuwa likishuka kutoka upande wa Londiani. Hatungeweza kubeba majani hadi banda la ng'ambo ya kijito, kwa sababu kila banda hupokea namba za wakulima wake tu, na majani yasiyopimwa karani hayapakii. Mama mjane akaingiza mkono ndani ya gunia lake.

"Yameanza," akasema.

Akafungua gunia moja na kuyatandaza kwenye saruji yapoe. Wengine wakamfuata, na sakafu ikajaa kabla hajafika kwa magunia yake ya chini. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Ndipo lori likasikika likipanda.

"Si basi turudie ile ya zamani," mtu akasema kutoka nyuma.

Katibu alikitazama kile kipande cha boriti kilichobaki ukutani, halafu akatazama viatu vyake. Macho ya wengine yote yalikuwa kwa binti yangu, aliyeinama juu ya vitufe.

"Boriti nilikata mimi," nikawaambia. "Katibu aliniomba niiache. Msimwangalie huyu mtoto, niangalieni mimi."

Nikatoka kwenye mvua kumwomba karani wa lori atungoje.

"Mzee, mabanda mengine yananingoja," akasema. "Mvua ikipungua naenda."

Niliporudi binti yangu alikuwa anajisemea chini kwa chini. "Taa inapepesa mara ya kwanza kabla ya kuwasha jedwali. Mara ya pili haipepesi kabisa." Halafu akajishika paji la uso, akarudisha mistari michache aliyoifuta asubuhi, akaituma kwenye kisanduku. Kioo kikawaka. Taa ikapepesa, ikapepesa tena, na kioo hakikuzima. Kikaonyesha sifuri.

"Lete," akasema.

Tulipima kwa haraka, kila mtu akinyanyua gunia la mwenzake. Mvua ilipopungua yalibaki magunia ya mama mjane yaliyokosa nafasi sakafuni. Karani akaingiza mkono, akatikisa kichwa, akayamwaga nje kwenye matope. Majani yalikuwa mekundu. Mama akayakung'uta magunia na kuyakunja.

"Ni majani tu, mzee," akaniambia. Heri angenitukana.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza binti yangu kosa lilikuwa wapi.

"Mashine ikiamka inatumia anwani za kweli, za chini. Halafu kerneli inawasha jedwali ndio iruke kwenda juu. Lakini ikishawasha, bado haijaruka. Amri inayofuata iko huku chini. Kwa hivyo lazima jedwali iweke njia ya zamani pia, mpaka iruke kabisa. Mimi niliitoa mapema. Niliona kama uchafu."

"Na laptop?"

"Ile ya kuigiza ilikuwa bado inakumbuka njia ya zamani. Ikanisamehe."

Hakusema lolote kuhusu boriti. Mamake alimlea vizuri.

Kesho yake nilikwenda kiwandani kuiomba mizani ya zamani, na katibu akakata mti wa bluugamu kwa boriti nyingine. Asubuhi iliyofuata nikachukua kikapu cha kuchumia nikashuka bondeni. Mama mjane alikuwa tayari anachuma. Akanionyesha mstari wa kuanzia, ule wa chini kabisa karibu na mto, akaendelea na kazi yake.