DVD ya Kupamba Kwangu Imekwama Mama Anaposhika Maikrofoni

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka thelathini na tisa, naishi Bofu, Likoni. Mama yetu alifariki mwaka jana. Mdogo wangu wa pekee, mwanamke mwenzangu, yuko Uarabuni kikazi, hakuwahi mazishi, na Ijumaa hii ndiyo anarudi. Ombi lake ni moja: "Dada, niwekee mama nimuone akicheza."

Video ya mama iko mahali pamoja tu, kwenye DVD ya kupamba kwangu. Kwa wasiojua, kupamba ni sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, simu hubaki mlangoni. Aliyetupiga video alikuwa mwanamke, akatoa nakala moja na kufuta zake zote. Hilo lilikuwa sharti la mama. Alisimama mbele ya wageni akaapa: "Wallahi haioni mwanamume DVD hii, niwe hai au nife." Ndipo watu wakavua.

Mwezi uliopita nikaijaribu. Ikaenda vizuri mpaka mama aliposhika maikrofoni kuniombea dua. Picha ikawa vipande vipande, sauti ikarudia "mwana... mwana..." kisha ikaganda. Nikabadilisha mashine, wapi! Nikataka kuinakili kwenye kompyuta nikate kipande cha mama pekee, ikagoma palepale. Na mimi, mjuaji wa mitandaoni, nikasoma kwamba dawa ya meno hutoa mikwaruzo. Nikapaka, nikazungusha kama nasugua sufuria. Tangu siku hiyo haisomi kabisa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa video Kisauni, mwanamume. Akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Mama, hii hufutwa kutoka katikati kwenda nje, tena kwa kitambaa laini. Wewe umeikwaruza." Nilitamani ardhi inimeze. Anasema anaweza kuisugua upya kwa mashine na kuvuta kilichobaki, lakini lazima akae aitazame, aunge picha na sauti. Nikamuuliza, haiwezekani bila kutazama? Akacheka: "Nitaunga vipi nisichokiona?" Fundi mwanamke nimemtafuta Likoni mpaka Changamwe, sijampata.

Mama mdogo, ndugu yake marehemu, amekuja juu. "Usithubutu! Mamako aliapa, na mle mna wake za watu." Mdogo wangu nilimwambia kwa simu kwamba imeharibika, ila nilivyoisugua sikusema. Akalia: "Mwache fundi aone! Ni mamangu, na sikumzika!"

Wote wawili wana haki, na hapo ndipo nilipokwama. Nikimpa fundi, nimevunja kiapo cha mama na kuwaanika wanawake walioniamini. Nisipompa, mdogo wangu hatamuona mama tena, na aliyeharibu ni mimi. Silali, sili vizuri, hata mume wangu nimeshindwa kumweleza yote.

Jana mdogo wangu alinitumia ujumbe. Amenunua televisheni kubwa, iko kwenye mizigo yake, ili tumtazame mama vizuri sote. Nikamjibu, "Inshallah."

Ndugu zangu, nipeni akili maana yangu imefika mwisho. Ijumaa akiifungua hiyo televisheni, nimwambie nini?