Kipande cha Chini

Tulipohamishiwa kijiji kipya, baba alibaki. Alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na kwetu Mugeta mtu huzikwa uani kwake na kurundikiwa mawe. Kila asubuhi mama alifagia uwanja, akayafagia na yale mawe, mpaka lori lilipokuja kubeba nguzo, milango, kuku na sisi.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nikaenda Musoma kujifunza kazi kwa fundi wa picha wa mtaa wa Kamunyonge. Watu walioingia studio nilishindwa kuwaambia hata "geuka kidogo". Nilipenda chumba cha giza, kwa kuwa humo hakuna anayesubiri uongee.

Siku moja fundi aliniazima kamera niende nayo nyumbani. Mama akajifunga khanga mpya, tukatembea mpaka mahameni, kwenye uwanja wetu wa zamani. Nyumba ilikuwa imebaki alama ya duara tu kwenye majani. Akasimama kando ya mawe, miguu pamoja, mikono chini.

"Mzee naye anaonekana?"

"Anaonekana, mama."

"Basi piga. Kule nikiamkaga nafagia vumbi tu. Nataka nikae naye ndani."

Niliahidi kumletea.

Mwaka ule karatasi za picha ziliadimika. Fundi alikuwa na karatasi moja kubwa aliyoificha, akanipa nisafishie picha ya mama; wakati huohuo yakatangazwa mashindano ya picha ya mkoa, juu ya maisha mapya vijijini. Alipoiona picha ya mama ikielea kwenye dawa, akapiga kelele.

"Kijana, hii inaingia! Lakini kata chini hapo. Wanataka sura ya mwanakijiji. Kaburi la mahameni litawaambia nini wakubwa?"

Nilitaka kusema kwamba picha ni ya mama. Badala yake nilichukua wembe na rula, nikakata juu kidogo ya magoti yake. Kipande cha chini nikakiweka ndani ya daftari langu la zamani la hesabu. Fundi akapeleka picha pamoja na filamu yake, maana filamu nayo ilitakiwa.

Picha nane zilifika hatua ya mwisho, yangu ikiwemo. Zilitundikwa kwenye ukumbi mmoja wa mjini, zikiwa na fremu za mbao. Palikuwa na wavuvi wa Mugango wakivuta wavu, watoto wa shule na majembe, na mwenyekiti mmoja wa kijiji amesimama na ng'ombe.

"Ng'ombe kajua kupigwa picha kuliko mwenyekiti!" mtu alisema, ukumbi wote ukacheka.

Nilisimama karibu na mlango. Watu walipita mbele ya mama yangu wakisema ni mama mzuri, ana macho ya huzuni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Siku ya tatu aliingia mama mwenyewe, vumbi la safari miguuni. Fundi alikuwa amempelekea habari kwa dereva wa lori la pamba.

Alijitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaanza kuchungulia chini ya fremu, akaingiza ukucha kwenye ubao.

"Mama, usiguse picha!" karani wa ukumbi alisema.

"Shemeji, nisaidie kutoa huu ubao. Umemfunika mzee wangu."

Watu wakacheka tena. Karani naye akacheka. Mama akageuka kunitafuta, akanikuta pale mlangoni.

"Waambie watoe ubao, mwanangu."

Ningeweza kumwacha aamini kuwa ni ubao. Nilifikiria hivyo kabisa. Lakini alikuwa ameweka kidole palepale nilipopitisha wembe.

"Haumfuniki mtu," nikasema. "Nilimkata mimi."

Akaondoa kidole, akatoka. Tulitembea hadi Kamunyonge, yeye mbele, mimi nyuma, kana kwamba yeye ndiye anayeijua njia. Nilifungua daftari nikampa kipande: miguu yake na mawe. Akayagusa moja moja, kama mtu anayetafuta lililopungua. Akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Na ile ya juu?" nikamuuliza. "Nikuombee?"

"Baki nayo wewe. Mimi yangu nimepata."

Akaondoka na basi la mchana.

Baada ya hapo nilikwenda ukumbini kila siku, nikasimama mbele ya uso wake mpaka karani akanizoea. Jumatatu moja nikakuta ukuta na misumari minane. Karani alisema zimechukuliwa, hajui zilikopelekwa. Nikarudi kazini. Sikumwambia hata fundi.

Nilipokwenda nyumbani wakati wa mavuno, sikukiona kile kipande ukutani kwenye usawa wa macho, mahali watu wanapobandika picha. Nilikiona asubuhi, mama alipoanza kufagia. Alikuwa amekibandika chini kabisa, karibu na sakafu, kando ya mlango. Ufagio ulipofika pale alipunguza mkono, akapitisha polepole juu ya mawe.

Nilitoka nje nimpishe.