Laptop ya mke wangu iliipenda WiFi ya jirani kuliko yangu (Kibeta, Bukoba)

Wakuu wa jukwaa, heshima kwenu wote. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na nitalisema lilivyokuwa, hata pale panaponiuma.

Niliporudi Bukoba kutoka Dar na diploma yangu ya TEHAMA, watu walisema mambo mawili. La kwanza, sitajenga. La pili, sitakaa na Kokushubila, kwa sababu mwanamke mwenye digrii hawezi kudumu na mwenye diploma.

Baba yangu mdogo wa Maruku alisema mbele ya watu: "Huyu atarudi Dar na begi lile lile."

Nikajenga. Hapa Kibeta, nyumba nzuri, na uani karibu na uzio nikaweka chumba cha tofali nikampa Koku kiwe ofisi yake. Hakuna ndugu aliyeniletea hata msumari.

Koku anafundisha hisabati kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wako Dar, yeye yuko Kibeta. Somo likikatika, mzazi haipigii kampuni ya simu, anampigia yeye. Wakikatikiwa mara nyingi wanahama kwa mwalimu mwingine.

Router niliifunga mwenyewe sebuleni, juu ukutani, mahali sahihi kabisa. Ikapiga kazi vizuri. Kanisani nilikuwa nawaambia watu, WiFi ikikusumbua niite mimi.

Halafu msimu wa senene ukafika.

Kwa wasio wa huku: senene ni jamii ya panzi, watamu kuliko nyama, na wanafuata mwanga. Unasimamisha mabati, unawasha taa kali, wanakuja wanagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa.

Sasa nina jirani, anaitwa Twaha. Babu zake walitoka pwani, yeye kazaliwa Bukoba. Hajaoa, anaishi na mama yake. Ana sauti ya upole ambayo wanawake wa mtaa wanaisifu bila kuulizwa. Router yake ina antena nyingi kama miguu ya kaa. Msimu uliopita alijaza magunia ya senene mimi nikiangalia kupitia uzio.

Msimu huu nikasema hapana. Nikaazima mabati kwa baba mdogo, kwa mzee mmoja wa kanisa, na kwa Twaha mwenyewe, maana alikuwa na ya ziada. Nikayasimamisha uani, safu ndefu inayong'aa, katikati ya nyumba kubwa na ofisi ya Koku. Nafasi ilikuwa hapo tu.

Wiki ile ile mtandao wa Koku ukaanza kukatika.

Nikazima router na kuwasha. Nikabadilisha channel. Nika-update driver za laptop. Nikailaumu kampuni ya simu kwa maneno ambayo moderator angeyafuta.

Siku moja Koku akanitaarifu: "Leo nilifundishia kwa mama Twaha. Kule haikatiki."

Ikawa kila mchana. Laptop kwapani, huyo, kwa jirani. Akirudi ana furaha. Mara mama Twaha kampa chai ya tangawizi, mara kampa vitumbua. Sikuuliza Twaha mwenyewe alikuwa wapi muda huo. Nilitaka sana kuuliza.

Jumamosi moja nikamkuta amekaa ofisini kwake, anafundisha bila shida. Nikafurahi. Nikajua ile driver imefanya kazi. Nikainama nyuma yake nitazame signal yangu.

Imeandikwa: TWAHA_HOME, Connected.

Wakuu, ndani ya uzio wangu. Kwenye ofisi niliyoijenga mimi.

"Hii ni nini?"

"WiFi," akasema, akizima mic ili wanafunzi wasisikie.

"Ya nani?"

"Si unasoma? Yako inashika kidogo inaondoka. Hii inakuja yenyewe."

"Inakuja yenyewe! Nani kaikaribisha?"

"Waitu," akasema, ndiyo "jamani" ya Kihaya, "mume wangu, unaionea wivu router?"

Nikanyoosha mkono nikaufuta mtandao wa Twaha kwenye laptop yake, nikabonyeza Forget. Darasa likakatika hapo hapo.

Koku alifunga laptop polepole. Asubuhi yake akapanda basi kwenda Muleba, kwao Kishanda.

Sasa, huku kwetu mke akirudi kwao, mume hamfuati mikono mitupu wala hamsubiri barabarani. Unakwenda, unakaa kiti cha karibu na mlango, unaeleza kosa lako mbele ya wazazi. Wengine hubeba rubisi, ile pombe ya ndizi. Wakwe zangu ni Walutheri wasiokunywa, kwa hiyo nikabeba kreti ya soda.

Baba mkwe ni mwinjilisti mstaafu. Hana haraka na neno.

"Karibu, mkwe. Tumesikia jambo, lakini tunataka tulisikie kwako."

"Baba, ni mambo ya mtandao."

"Mtandao umempiga?"

"Hapana, Baba."

"Mtandao una mwanamke mwingine?"

Mama mkwe akacheka kutoka jikoni. "Mawe!" akashangaa kwa Kihaya. "Mwache aeleze."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye jina la Twaha nikaona sauti yangu inapanda yenyewe. Mzee akasubiri ishuke.

"Kwa hiyo ulizima darasa la watoto kwa sababu ya jina la jirani."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ndiye mwenye diploma ya mambo hayo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nenda katengeneze. Ukimaliza nipigie simu ya video, ukiwa ndani ya hicho chumba chake, kwa mtandao wako mwenyewe. Nikikuona mpaka mwisho, atafunga begi. Ukinikatikia, utarudi hapa na kreti nyingine."

Wakati namuaga, nikamwona Koku chumba cha pili anafundisha. Laptop ile ile, kwa hotspot ya simu yake, laini ya kampuni ile ile ninayotumia nyumbani. Haikatiki. Na hapo Kishanda ni migombani.

Kwenye basi nikapiga hesabu. Laptop nzima. Kampuni nzima. Kilichobaki ni uwanja wangu.

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nikashika simu nikaanza kutembea kutoka kwenye router. Sebuleni, signal imejaa. Mlango wa nyuma, imejaa. Nikapita nyuma ya mabati, ukabaki mstari mmoja.

Nikapandisha simu juu ya bati, mistari ikarudi. Nikaishusha, ikapotea.

Nilikuwa nimejenga ukuta wa chuma kati yangu na mke wangu. Upande wa Twaha hakukuwa na kitu chochote cha kuzuia, ndiyo maana WiFi yake ilipita uzio kama mgeni aliyealikwa. Na laptop nayo, ikishajua mitandao miwili, ikiukosa mmoja inaukimbilia mwingine, kisha mtu anadhani "inakatika".

Najua mtauliza kwa nini sikuvuta waya. Maduka ya mjini yalikuwa yameishiwa, ilibidi nisubiri wa Mwanza. Mke hasubiri mzigo wa Mwanza.

Nikaanza kushusha. Twaha akachungulia kwenye uzio.

"Kaka, unashusha leo? Watu wanasema leo senene wataanguka sana."

"Nashusha."

"Pole. Basi ngoja nikusaidie kubeba yale yangu."

Akayabeba, akayaongeza kwenye mtego wake. Nilimtazama wakuu, nikameza mate.

Nikawasha kompyuta yangu ofisini kwa Koku nikampigia baba mkwe. Alinieleza kahawa yake, kwaya, goti lake la kushoto, mpaka wa shamba na jirani yake. Mimi macho yangu hayakutoka kwenye ile alama ya signal.

"Naona umetulia. Umekatika?"

"Hapana, Baba. Nipo."

Nyuma yake nikamwona Koku anapita na begi. Kisha akapita tena na mkungu wa ndizi. Mzee akageuka, akamwona, akasema, "Haya, mtandao umekubali."

Siku ile ile nikakodi pikapu, nikarudisha bati moja moja kwa wenyewe. Mzee wa kanisa akapokea akashukuru. Baba mdogo kule Maruku akayahesabu, kisha akanicheka.

"Umeshindwa hata panzi?"

"Mke wangu anarudi kesho," nikamwambia. Akarudi kuhesabu mabati yake, na mimi sikuwa na bati la mtu.

Senene waliangukia kwa Twaha. Mama yake alituletea bakuli zima, Koku akawakaanga. Nilikula. Walikuwa watamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilichojifunza: kabla ya kulaumu kampuni au kununua router mpya, tembea na simu yako uone signal inafia wapi. WiFi haipiti bati. Kwenye laptop toa tiki ya kuunganisha yenyewe kwa mitandao usiyoitaka, ila usifanye hivyo darasa likiendelea. Na ofisi ya uani ivutiwe waya. Wangu ulishafika, nimeufukia vizuri.

Mtakaosema nina wivu, ndiyo, bado ninao. Antena zake naziona kutoka dirishani hadi leo. Lakini fungua laptop ya Koku sasa hivi, jina la juu kabisa ni langu.

Aliyewahi kunyang'anywa mtu na WiFi ya jirani aje hapa aeleze. Mwenye swali la router aulize, nipo hewani na sikatiki.